Utatuzi wa Matatizo: Kipande cha Bati cha Gari la Zamani Kinapotoka Kombo kwenye Mashine Mpya

Mwongozo huu umetokana na malalamiko yale yale ambayo mafundi wa bodi kutoka Nakuru, Kisumu, Kericho na Kakamega hutuletea karakanani. Kazi yenyewe huanza hivi: gari la zamani, aghalabu Peugeot 504, Datsun 1200, Land Rover Series au Volkswagen Beetle, limeoza mudigadi, kizingiti cha mlango au sakafu, kipande kipya hakiuzwi tena, na kile cha mtumba kimeoza papo hapo lilipooza lako. Badala ya kufua kila kitu kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga, tunapima umbo kwa skana ya 3D, tunalisafisha kwenye kompyuta, kisha tunaliunda kwa njia mojawapo kati ya tatu. Njia ya kwanza ni kukata bati kwa plazma, yaani mwali wa umeme na hewa, inayoongozwa na kompyuta na kulikunja. Ya pili ni kulikandamiza kwa presi kati ya kalibu mbili zilizochapwa kwa printa ya 3D. Ya tatu ni kulifinya kidogo kidogo kwa ncha ya chuma ya mviringo inayosogezwa na mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, au mkono wa roboti, bila kalibu yoyote.

Njia hiyo ya tatu ina umri kuliko wengi wanavyodhani. Edward Leszak alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1967, ila ilisubiri kompyuta zikomae. Mwaka 2019 kampuni ya Nissan ilitangaza mbinu ya roboti mbili zinazotazamana, kila moja upande wake wa bati, kwa nia ya kutengeneza vipuri vya magari ambayo uzalishaji wake ulikwisha. Sisi tuna mkono mmoja na fremu ya chuma cha pembe tuliyoichomelea wenyewe, lakini bati hupasuka kwetu kwa sababu zile zile.

Sababu chini ya kila dalili zimepangwa kuanzia ile tunayokutana nayo mara nyingi hadi ile ya nadra. Tafadhali usiruke. Fundi anayekimbilia kubadilisha mipangilio ya programu kabla ya kupima unene wa bati atapoteza siku nzima.

Kipande kimetoka kizuri, lakini hakikai kwenye gari

Hili ndilo lalamiko kubwa kupita yote, na karibu kila mara mashine haina kosa. Imetengeneza sawasawa kile ilichoonyeshwa. Tatizo ni kwamba ilionyeshwa kitu kisichofaa.

Sababu ya kwanza ni puti, yaani ujazo unaopakwa kusawazisha mabonyeo ya bodi. Mzee mmoja alitoka Kisumu na 504 ya mizigo, akaomba tuige mudigadi wa nyuma wa upande wa kushoto kwa kuwa ule wa kulia ulikuwa umekwisha kabisa. Rangi iling'aa na umbo lilionekana safi. Tulipima, tukageuza mchoro kama kwenye kioo ili kupata upande wa kulia, tukaunda kipande, na kikaacha pengo linalopitisha kidole juu ya gurudumu. Ndipo mmoja wetu alipochukua sumaku ndogo, akaizungushia karatasi isikwaruze rangi, akaitembeza polepole juu ya upinde wa gurudumu. Ilishika, ikashika, kisha ikateleza na kuanguka sakafuni. Tulipokwangua mahali pale tulikuta puti yenye unene wa karibu milimita sita, imepakwa juu ya bati lililobonyea, na aliyeipaka alikuwa amelichonga umbo kwa kukisia tu. Tangu siku hiyo sumaku hutangulia skana. Bodi ya Land Rover Series ni ya alumini, hivyo sumaku haitakusaidia hapo. Gonga kwa kifundo cha kidole usikilize mahali mlio unapofifia, au kwangua sehemu ndogo iliyojificha.

Sababu ya pili ni ukubwa. Faili ya STL, ile inayohifadhi umbo la 3D, haibebi kipimo cha milimita wala inchi. Inabeba namba tupu. Ikifunguliwa na programu inayodhani namba hizo ni inchi ilhali ni milimita, kipande kitakuwa kikubwa mara 25.4, na kinyume chake kitakuwa kidogo kwa kiasi hicho hicho. Kosa la ukubwa huo huonekana upesi. La hatari ni lile la umbo lililopatikana kwa picha za simu, kwa sababu picha hazijui urefu halisi wa kitu, na kosa la asilimia mbili halionekani kwa macho ingawa linatosha kuharibu mudigadi. Weka rula ya chuma ya milimita 300 kando ya kipande kila unapopima, kisha uipime rula hiyo ndani ya kompyuta. Ikisoma 294, zidisha umbo lote kwa 300 gawanya kwa 294 kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Sababu ya tatu ni skana kupotea njia kwenye kipande kirefu kisicho na alama. Kizingiti cha mlango kinafanana mwanzo, katikati na mwisho, kwa hiyo skana hushindwa kujua imefika wapi na huunganisha vipande vya umbo kwa kukisia. Matokeo yake ni kizingiti kilichopinda kama ndizi au kilichofupishwa. Bandika vibandiko vya alama bila mpangilio maalumu, kwa maana vikipangwa kwa mstari navyo vitafanana. Sehemu zinazong'aa zipulizie unga mweupe, ule ambao mafundi wa kukagua nyufa za weldingi hutumia. Ukimaliza, pima pembe hadi pembe kwa tepu kwenye gari lenyewe, kisha upime pembe hizo hizo kwenye mchoro. Mimi hukubali tofauti ya milimita moja kwa kila mita, ikizidi, narudia.

Sababu ya nne ni ule mgeuzo wa kioo. Magari mengi hayana pande mbili zinazolingana kabisa. Kifuniko cha tangi la mafuta kiko upande mmoja, tundu la antena upande mmoja, na mara nyingine hata kingo za ndani hutofautiana. Geuza, lakini ukague kila tundu kwa picha ya upande halisi.

Sababu ya mwisho, ya nadra na nzito, ni gari lenyewe kupinda. Pima pembe za uwazi wa mlango kwa kukatiza, juu-mbele hadi chini-nyuma na kinyume chake, na ulinganishe upande wa kulia na wa kushoto. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita tano, simama hapo. Gari huenda liligongwa na fremu yake haijanyooshwa. Kulazimisha bati lifuate gari lililopinda ni kuficha ugonjwa, na kazi ya kunyoosha inahitaji fundi mwenye kitanda cha kupimia na kuvutia fremu.

Bati linapasuka wakati wa kuundwa

Kabla ya kugusa mashine, chukua mabaki ya bati hilo, kata vipande viwili vyenye upana wa milimita 20, kimoja kwa urefu wa bati na kingine kwa upana wake, kisha kikunje kila kimoja hadi pande zake zilale pamoja na uzigonge kwa nyundo. Bati linalofaa litakunjika bila kuonyesha ufa kwa nje. Likikatika, umepata jibu lako.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu mabati yaliyo karibu na bei nafuu ni ya kuezekea. Bati la kuezekea la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3, na mengi kati yake hutengenezwa kwa chuma kigumu ambacho hakijalainishwa kwa joto baada ya kusagwa kiwandani, ili lisibonyee fundi akipita juu ya paa. Ugumu huo huo ndio unaolifanya likatike linapofinywa. Bodi ya gari inahitaji chuma laini kilichosagwa kikiwa baridi, cha geji 20, yaani karibu milimita 0.9, au geji 18, yaani karibu milimita 1.2, kwa sakafu na viimarisho. Ukimuagiza muuzaji, mwambie unataka bati la kuvuta kwa kina. Kwenye vyeti vya Ulaya alama yake huwa DC04. Asipolielewa ombi hilo, omba kipande kidogo ulifanyie jaribio la kukunja pale pale dukani. Wengi hukubali.

Ikiwa bati limefaulu jaribio, tazama ufa ulianzia wapi. Ukianzia ukingoni, kosa liko kwenye ukataji. Mkasi huacha meno madogo ukingoni, na plazma inayotumia hewa ya kawaida huacha ukingo uliogumishwa na nitrojeni ya hewa hiyo. Saga karibu nusu milimita ya ukingo wote kwa gurudumu laini, kisha umalize kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Ukianzia ukutani, katikati ya umbo, sababu ni mwinuko. Katika njia ya kufinya bila kalibu, bati limebanwa pembeni zote na haliwezi kusogea kuja kusaidia. Eneo lote jipya linatokana na unene wake lenyewe. Kanuni ni rahisi: unene unaobaki ni unene wa mwanzo mara sini ya nyuzi 90 ukitoa mwinuko wa ukuta. Ukuta wenye mwinuko wa nyuzi 45 utabakiwa na takriban asilimia 71 ya unene. Kwa nyuzi 60 itabaki nusu, yaani bati la milimita 0.9 linakuwa 0.45. Kwa nyuzi 70 itabaki karibu theluthi moja tu, na hapo hata chuma laini sana huanza kukataa. Kwa hiyo mwinuko unaozidi nyuzi 60 haujadiliwi na mipangilio ya mashine. Unajadiliwa kwenye mchoro. Inamisha umbo ndani ya kompyuta ili mwinuko ugawanywe pande mbili, au ukate kipande kiwe viwili vya kuchomelewa, au uunde kwa awamu: kwanza umbo la nyuzi 45, kisha 55, kisha la mwisho.

Sababu zinazofuata ni ndogo zaidi. Ncha yenye kipenyo cha milimita 6 hutoboa pale ambapo ya milimita 12 ingepita salama. Hatua ya kushuka ya milimita moja kwa kila mzunguko ni kubwa mno, nami hukaa kati ya 0.2 na 0.5, na bati kavu hushikana na ncha. Kwenye presi, ufa kwenye kona ya kalibu kwa kawaida humaanisha kwamba kona ni kali mno au kwamba kibanio cha pembeni kimekazwa kiasi cha kulinyima bati nafasi ya kuingia.

Alumini ya Land Rover ni habari nyingine. Ile aloi huwa ngumu kadiri inavyofinywa, na pia huwa ngumu kwa miaka ya kutikisika barabarani, hivyo lazima ilainishwe kwa joto kabla ya kuumbwa. Mbinu ya wazee ni kupaka sabuni ya mche juu ya bati na kulipasha moto kwa upande wa pili mpaka sabuni igeuke rangi ya kahawia iliyokolea, kisha kuondoa moto mara moja. Tahadhari: alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya. Ukisubiri rangi, utaona shimo. Kama hujawahi kuifanya, peleka kwa anayeijua au ujaribu kwanza kwenye mabaki matatu au manne.

Umbo linarudi, au bati linapiga "tok" ukilibonyeza

Ukilegeza vibanio na kipande kikafunguka milimita kadhaa, hilo si tatizo la ajabu. Kila bati hurudi kidogo. Swali ni je, limerudi kiasi gani, na limerudi sawasawa kote? Vipande vilivyo karibu na ubapa, kama bati la nje la mlango au boneti, ndivyo hurudi zaidi, kwa kuwa havikufinywa vya kutosha kusahau umbo lao la zamani. Kipande chenye mikunjo mingi hutulia.

Angalia kwanza kama kuna ubao wa chuma wa kuegemea chini ya ukingo wa umbo. Bila huo, bati hubonyea kuanzia kwenye vibanio badala ya kuanzia pale mchoro unapotaka, na hakuna hesabu itakayookoa hali hiyo. Kisha pima kipande kwa skana baada ya kukitoa, ukilaze juu ya mchoro kwenye kompyuta, na mahali kilipopungua milimita mbili uuongeze mchoro milimita mbili kwa upande huo. Rudia. Kwetu, mizunguko miwili au mitatu hutosha. Ukifika wa tano na bado kinakataa, rudi kwenye bati na ubao wa kuegemea. Usikate kingo za ziada kabla ya kumaliza zoezi hili, kwa sababu kukata huachilia mkazo uliobaki ndani na kipande hufunguka upya.

Ule mlio wa "tok", bati likibonyea na kurudi kama kopo la bati la mafuta ya kupikia, unaonyesha kuwa sehemu ya katikati imenyooshwa kuliko pembeni na haina pa kwenda. Usilifue zaidi, kila pigo la nyundo juu ya fuawe hulinyoosha na kuongeza ugonjwa. Linahitaji kunywea. Weka alama mahali linapobonyea, pasha moto doa dogo lisilozidi sarafu ya shilingi kumi mpaka liwe jekundu hafifu, ligonge kidogo, kisha ulipoze kwa kitambaa chenye maji. Doa moja, subiri, kisha uangalie tena. Niseme wazi kwamba kazi hii hakuna roboti ninayoiamini nayo, na fundi wa bodi aliyezeekea Nakuru akifua mudigadi za 504 tangu enzi zile zilipokuwa teksi za kuelekea Nairobi atakuzidi hata ukiwa na skana ya bei gani. Mlipe aje nusu siku.

Tahadhari: usipashe moto bati lililopakwa zinki bila kuisaga zinki yote kwanza. Moshi wake mweupe huleta homa, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye. Ukipatwa na hali hiyo toka nje, na ukishindwa kupumua vizuri nenda hospitali bila kungoja kesho.

Kalibu iliyochapwa inapondeka, inapasuka au inapinda

Chunguza kwanza pengo. Kalibu dume na jike zilizochorwa zikalingana kabisa hazina nafasi ya bati lenyewe; presi inaposhuka, kuta za plastiki ndizo hupondeka. Acha pengo la unene wa bati na asilimia kumi zaidi. Kosa hili hufanywa hata na watu makini, kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta kalibu mbili zinazokutana hupendeza macho.

Sababu ya pili ni jua. Plastiki ya PLA huanza kulegea karibu na nyuzi joto 60, na ndani ya gari lililofungwa vioo Kisumu mchana wa Februari kiwango hicho hufikiwa bila shida. Kalibu iliyosafirishwa kwenye buti na kusahauliwa hapo kwa muda wa saa tatu imeshapinda hata kama jicho halioni. Ilaze juu ya kioo au meza ya bapa uitikise. Ikiyumba, ichape upya. Plastiki ya PETG huvumilia hadi karibu nyuzi 80, nami huichagua kwa kazi yoyote itakayovuka Londiani kushuka Ziwa Victoria.

Sababu ya tatu ni unyevu ndani ya plastiki kabla ya kuchapwa. Mafundi wa Kisumu na Busia hukutana nayo zaidi kuliko sisi wa Nakuru tulio juu na kwenye ukavu. Sikiliza printa: ikitoa mlio kama mahindi yanayokaangwa na kuacha nyuzi kama utando wa buibui, uzi wa plastiki umenyonya maji na tabaka hazitashikana. Ukaushe PLA kwenye nyuzi 45 hadi 50 kwa saa tano au sita, kisha uutunze kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana.

Ikiwa hayo yote ni sawa, angalia mpangilio wa tabaka. Msukumo wa presi unafaa kuzibana tabaka pamoja. Ukizisukuma kando, kalibu hupasuka kama kuni iliyofuata nyuzi zake. Ongeza kuta za nje zifike sita au nane, na ujaze ndani kwa gundi ya epoksi yenye mchanga. Makunyanzi kwenye kingo za kipande si kosa la kalibu: kaza kibanio cha pembeni robo mzunguko kwa kila jaribio, mpaka makunyanzi yaishe na kabla nyufa hazijaanza.

Tahadhari: kalibu ya plastiki chini ya jeki ya tani 20 ikipasuka hurusha vipande kwa kasi ya kutoboa jicho. Izungushie fremu ya chuma, weka kinga ya plastiki nzito mbele ya presi, na usimame pembeni. Jeki inayovuja mafuta au inayoshuka yenyewe haitumiki siku hiyo. Ipeleke kwa fundi wa mitambo ya haidroli.

Uso una mikwaruzo, au umbo limejisokota

Mikwaruzo mirefu inayofuata njia ya ncha hutokana na mafuta machache au ncha iliyochubuka. Futa ncha, ipitishe chini ya mwanga, na ukihisi ukali wowote uing'arishe kwa msasa wa namba 1000 kwenda juu. Bati la zinki huacha maganda kwenye ncha, kwa hiyo ncha ifutwe mara kwa mara. Grisi au oili mpya ya gia inatosha. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini usiitumie, kwani ina masizi yanayodhuru ngozi.

Mstari mmoja wa kovu unaoshuka ukutani ni mahali ambapo ncha hushukia kila mzunguko. Mwambie programu ishuke kwa mzunguko wa parafujo badala ya ngazi. Umbo likijisokota kama kitambaa kinachokamuliwa, ncha imekuwa ikizunguka upande mmoja tu. Badilisha mwelekeo kila mzunguko.

Umbo limehama katikati ya kazi

Nusu ya chini ni sahihi, nusu ya juu imesogea milimita tatu kando. Mota imeruka hatua. Fundi wengi hulaumu umeme, na mara nyingine wako sahihi, lakini anza na skrubu ya kiungo kati ya mota na parafujo ya kusogeza, ambayo hulegea kwa mtetemo. Kisha jiulize kama mashine yako ilitengenezwa kwa ajili ya mbao. Kufinya bati la chuma la milimita 0.9 kunaweza kudai msukumo unaozidi uzito wa kilo 100, na daraja jepesi la alumini la mashine ya kuchonga mbao hupinda chini ya mzigo huo. Punguza hatua ya kushuka na kasi, au ubaki na alumini nyembamba.

Ikiwa kazi husimama taa zinapofifia, weka kidhibiti cha volteji pamoja na betri ya akiba kwa upande wa kompyuta. Eneo lote la kuanzia Kericho hadi ziwani hupigwa na radi nyingi alasiri za mvua. Ngurumo ya kwanza ikisikika, maliza mzunguko, zima na uchomoe plagi. Ukihisi mtetemo wa umeme unapogusa fremu, usiendelee hata kwa dakika moja. Hilo ni tatizo la waya wa ardhi, na kazi yake ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Plazma inakata vibaya

Maji ndani ya hewa ya kompresa ndiyo sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu, hasa karibu na ziwa. Dalili yake ni mwali unaotapatapa na ncha za shaba zinazoisha ndani ya saa chache. Fungua koki ya chini ya tangi asubuhi na saa sita mchana, na uweke kichujio cha maji karibu na mashine, si karibu na kompresa, kwa kuwa mvuke hugeuka maji njiani hewa inapopoa. Ukingo ulioinama upande mmoja ni tabia ya plazma: kwa tochi nyingi upande wa kulia wa mwendo ndio hutoka wima zaidi, kwa hiyo panga njia ili kipande chako kiwe huko na taka ziwe kushoto. Takataka nene chini ya ukingo zinazobanduka kwa urahisi humaanisha mwendo wa polepole mno. Zile ngumu na nyembamba humaanisha kasi imezidi.

Kilikaa vizuri, kikaharibika wakati wa kuchomelea

Pengo likiwa kubwa kuliko unene wa bati, utalijaza kwa joto, na joto litapinda kila kitu. Shika kwa vidoa vya weldingi vilivyoachana milimita 25 hadi 30, ukiruka kutoka ncha moja hadi nyingine, na usubiri kila sehemu ipoe kiasi cha kuguswa kwa mkono. Safisha mafuta yote kabla ya hapo, lakini usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwa sababu mwali wa weldingi huigeuza kuwa gesi ya sumu inayoua.

Kuna mahali pa kusimama kabisa. Kipande kinachobeba fremu, nguzo za mlango au mahali pa kufungia mkanda na springi kikaguliwe na fundi aliyefuzu weldingi ya magari. Tangi la mafuta halichomelewi karakanani hata likiwa limekaa tupu mwaka mzima. Na ukisaga maungio ya bodi ya gari la zamani ukakuta chuma laini cha kijivu kinachometa, hiyo ni risasi iliyotumiwa kujazia viungo. Zima grainda, usipeperushe vumbi, na umwite mtu mwenye barakoa na vifaa vya kuiyeyusha na kuifuta.

Kutu imerudi baada ya msimu mmoja wa mvua

Mteja hurudi akiwa na hasira, na ana haki. Kwenye vizingiti tulivyoviiga mwanzoni, tulipotoboa bati jipya kwa chini maji yalitoka kama bomba. Kizingiti cha asili kilikuwa na matundu madogo ya kutolea maji, lakini tope la miaka lilikuwa limeyaziba siku tulipokipima, skana ikaona ubapa, nayo mashine ikatuundia ubapa ule ule bila tundu hata moja. Sasa tunakichokoa kizingiti cha zamani kwa waya kabla ya kukipima, tunahesabu matundu, na tunayatoboa kwenye kipya kwa keekee ya milimita 8 kabla ya rangi, kisha tunapuliza nta ndani mpaka ianze kudondoka kupitia kila tundu.